Sare za vijana wa bustani: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Tunakata nyasi na kutunza bustani za watu Dar es Salaam, kuanzia Mikocheni na Msasani hadi Mbezi Beach na Tegeta. Ukurasa huu ni wa wenye vikundi vidogo kama chetu, watu watatu, watano au kumi, wanaotupigia kuulizia mavazi ya kazi. Tumejibu kama tunavyojibu kwenye simu.

Tuna pesa ya kitu kimoja tu kwa sasa. Tuanze na fulana zenye nembo?

Hapana. Anza na miguu. Fulana yenye nembo inapendeza machoni, lakini haijawahi kuzuia kokoto. Uzi wa mashine ya kufyeka unapozunguka hauchagui: unarusha mawe, vipande vya chupa, vizibo vya soda, chochote kilichojificha kwenye nyasi. Nimeona kokoto ndogo kama punje ya hindi ikiruka na kupasua muundi wa kijana aliyekuwa amevaa kaptula na kandambili. Ilikuwa siku yake ya pili kazini. Mashine nilimkabidhi mimi, na buti sikumpa. Aliinama akaushika mguu, damu ikapita katikati ya vidole vyake, na kabla hajasema ameumia akaniomba samahani kwa kusimamisha kazi. Hiyo samahani sijaisahau.

Kwa hiyo mpangilio wetu ni huu: buti, kisha miwani ya kinga, kisha suruali nzito ndefu. Fulana ya rangi moja inafuata. Nembo ni ya mwisho kabisa.

Buti gani? Gambuti au za ngozi?

Kwa kukata nyasi, buti za ngozi zenye chuma mbele na soli yenye meno. Gambuti tunaziweka kwa ajili ya masika, Machi hadi Mei, bustani zinapojaa maji, na kwa siku za kupulizia dawa. Kuvaa gambuti kutwa nzima mwezi wa Januari ni kuupika mguu. Jioni ngozi imetepeta kama imelowekwa na fangasi wanafuata. Kila mtu awe na soksi za pamba jozi tatu. Soksi ni sehemu ya sare, zinunue wewe.

Buti za mitumba za soko la Karume ni nzuri ukijua kuchagua. Ikunje soli kwa nguvu uangalie kama inapasuka, ingiza mkono ndani upapase kama kuna msumari, na mwenye mguu awepo. Usimnunulie mtu buti kwa kukisia, akaishia kuikanyaga kisigino kama ndara.

Nani analipa? Naweza kumkata kijana kwenye mshahara?

Analipa mwajiri. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga vinavyofaa na kuvitunza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo hairuhusu kukata mshahara wa mtu hivi hivi tu. Lazima kuwe na sheria inayoruhusu au makubaliano ya maandishi kuhusu deni. Buti si deni la kijana. Ni gharama yako ya kazi, kama petroli. Iingize kwenye bei unayomtajia mteja, na usione haya kumweleza.

Rangi gani inafaa?

Hapa watu hukosea sana, maana wanachagua kama wanachagua vitambaa vya sare za harusi. Anza kwa kuondoa zisizofaa.

Nyeupe itakufa wiki ya kwanza. Nyeusi inavuta jua. Kijani wengi wanakipenda kwa kuwa ni rangi ya bustani na kinaficha madoa ya nyasi, lakini kinamficha na mtu pia. Kijana aliyeinama nyuma ya ua amevaa kijani haonekani na mwenye mashine, na haonekani na mama anayerudi nyuma na gari lake pale getini. Kijani na njano pamoja ni Yanga, na kwenye msimu wa kampeni ni CCM. Nyekundu na nyeupe ni Simba. Kila mtu ana mapenzi yake, lakini unaingia nyumba za watu wa kila chama na kila timu, na wakati wa uchaguzi hutaki mlinzi akuulize umetumwa na nani. Kaki iliyokamilika juu na chini inafanana na polisi. Bluu nzito juu na chini, yenye mabega yaliyoshonewa vipande, inafanana na walinzi wa kampuni.

Sisi tuliishia kwenye fulana ya rangi ya chungwa na suruali ya bluu iliyoiva. Chungwa linaonekana kutoka ng'ambo ya barabara, na bluu hiyo inavumilia udongo. Kama unafanya kazi kandokando ya barabara, ongeza kizibao cha reflekta juu yake, hata kama fulana inang'aa.

Suruali za mabakabaka za mitumba ni imara na bei poa. Zina tatizo?

Zina tatizo kubwa. Ni marufuku kwa raia kuvaa sare za jeshi na nguo zinazofanana nazo. Agosti 2023 jeshi letu, JWTZ, liliwapa wananchi siku saba kusalimisha mavazi ya namna hiyo. Usimvalishe kijana wako kitu kitakachomfanya ashushwe kwenye daladala. Mabakabaka yawe ya kijani, ya kijivu au ya rangi ya mchanga, yaache sokoni.

Kitambaa gani, na tushonee kwa fundi au tununue zilizo tayari?

Suruali, shona. Fulana, nunua.

Fulana za kola, zile tunazoita form six, zinapatikana Kariakoo kwa jumla. Tafuta zenye pamba nyingi. Za poliyesta tupu zinakauka haraka, lakini saa tano asubuhi mvaaji anakuwa kama amejifunga nailoni, na harufu ya jasho inakaa kwenye kitambaa hata baada ya kufuliwa. Kwa suruali, mchanganyiko wa pamba na poliyesta ndio unaodumu. Haupauki upesi wala haujikunji ovyo. Mwambie muuzaji unataka kitambaa cha sare za kazi, maana ukisema suruali tu atakuonyesha cha suti.

Kabla hujalipa, lowesha kona ya kitambaa na uifikiche kwenye karatasi nyeupe. Mwaka wetu wa pili tulinunua fulana za maruni kwa bei ya kutupa, hatukuzijaribu. Mvua ya vuli ikatukuta kazini, vijana wakakimbilia barazani na mmoja akaegemea ukuta mweupe wa mwenye nyumba. Alipoondoka, mgongo wake wote ulikuwa umebaki pale ukutani, wa rangi ya zambarau. Tulipaka upya ukuta ule kwa gharama yetu, na pesa hiyo ingetosha kununua fulana nzuri mara mbili.

Kwa fundi cherehani, toa maelekezo haya bila kuchoka: mishono miwili kwenye mapaja, kipande cha ziada katikati ya miguu ili mtu achuchumae bila suruali kupasuka, kitambaa maradufu magotini, na mifuko yenye vifuniko, la sivyo itajaa nyasi. Mapaja ya suruali yasiwe mapana kupita kiasi. Mwambie ashone moja kwanza, mwite kijana aivae na achuchumae palepale dukani, ndipo aendelee na zingine. Fundi mzuri hatakasirika.

Nembo tuichape au tuidarizi? Na tuandike nini?

Kudarizi kunadumu kuliko fulana yenyewe. Kuchapa ni rahisi ukiwa na watu wengi, ila mwambie mchapaji unatoa nguo za kufuliwa kila siku kwa kufikichwa, si fulana za mkutano wa siku moja. Weka nembo ndogo kifuani na jina la kikundi kubwa mgongoni, kwa sababu mtu wa bustani muda mwingi anaonekana mgongo. Namba ya simu weka mgongoni pia. Jirani anayepita ndiye mteja wako ajaye.

Sasa maneno. Kila mtu kwenye kikundi chetu ana jina lake kifuani, na chini yake pameandikwa "Fundi Bustani". Wengine walituambia tunajikweza. Mimi nasema nilichokiona. Zamani, tukifika mtaani na nguo za kila mmoja, vijana walikuwa wanaitwa "we shamba boi, njoo huku". Mtu ana miaka arobaini na watoto wanne, anaitwa boi na mtoto wa darasa la saba. Tulipoanza kuvaa jina kifuani, mama mmoja wa Mikocheni, mteja wetu wa siku nyingi, alisogea karibu akasoma, akasema, "Kumbe unaitwa Rajabu! Miaka mitatu unanikatia nyasi." Tangu siku hiyo anamwita Baba Rajabu, na watoto wake wanamwamkia shikamoo. Sare haikumuongezea ujuzi; alikuwa nao tangu mwanzo.

Na mlinzi wa getini naye anasoma. Kuna nyumba za pamoja ambako vijana wetu waliwekwa nje kuanzia saa moja na nusu hadi saa tatu asubuhi kwa sababu walionekana kama wapita njia, hadi nilipofika mimi na shati langu la kupiga pasi. Walikuwa na mashine begani na jina la mteja mkononi, na bado hawakuaminika. Sare na kitambulisho chenye picha vilimaliza jambo hilo.

Kila mtu apewe nguo ngapi?

Fulana tatu, suruali mbili, buti jozi moja, kofia mbili. Fulana moja mwilini, moja kambani, moja kabatini. Ukitoa fulana moja unamlazimisha mtu achague kati ya kuja mchafu na kufua usiku akavae mbichi.

Joto la Dar ni kali. Kweli tuvae mikono mirefu?

Kwa kufyeka na kupogoa, ndiyo. Aliyewahi kuguswa na upupu hahitaji kuhubiriwa. Ule unyoya mdogo ukiingia shingoni utajikuna hadi utokwe na machozi, na maji peke yake hayasaidii. Bogonvilia inachana mikono kama wembe. Mnyaa ndio hatari zaidi: mnyaa wa uzio ukiukata unatoa utomvu mweupe, na tone moja likiingia jichoni linaweza kuleta upofu. Kwenye mnyaa ni mikono mirefu, glavu na miwani, hakuna mjadala. Na usipanguse jasho usoni kwa mkono huohuo.

Joto tunalishughulikia kwa ratiba. Tunaanza saa kumi na mbili na nusu, saa sita hadi saa nane tuko kivulini, na maji ya kunywa yanakuja na gari, kila mtu na chupa yake. Kofia iwe ya pama, inayofunika masikio na kisogo. Kapelo inaacha shingo yote inaungua.

Kama una mwenzenu mwenye ualbino, usimpe sare kama ya wengine halafu ukasema umetenda haki. Mikono mirefu kila siku, kitambaa kilichofumwa kwa kubanana, pama pana, miwani ya jua, kazi za kivulini saa za jua kali, na mafuta ya kuzuia jua. Yapo yanayotengenezwa hapahapa nchini, Moshi, yanaitwa Kilisun, na yametengenezwa kwa ajili ya ngozi hiyo.

Masikio nayo yana sare?

Yana. Mashine ya kufyeka ya petroli hupita desibeli 90 za kelele, na kuanzia 85 mtu akikaa nayo kutwa, siku baada ya siku, usikivu unaanza kuondoka. Hauumi, ndiyo maana watu wanaupuuza. Nunua vifunika masikio, na vikae kwenye begi la mashine ili anayechukua mashine avichukue.

Tuna akina dada kwenye kikundi. Wao wavae nini?

Waulize wao kabla hujashona. Kwetu walichagua suruali pana kidogo na shati refu linalofika katikati ya mapaja, na fundi aliwapima wao. Si kuwagawia suruali za wanaume zilizokunjwa kiunoni. Sketi na kanga hazifai karibu na mashine inayozunguka. Kwa wanaovaa hijabu, tumeshona ya kitambaa chepesi cha rangi ya sare, fupi, ambayo ncha zake zinaingia ndani ya kola, na pama inakaa juu yake bila kuteleza. Mahali pa kubadilishia nguo tunalipanga na mteja mapema, wasiachwe wakitafuta uficho nyuma ya tangi la maji.

Siku za kupulizia dawa tuvae sare hiihii?

Hapana, na hili tafadhali lisomeni taratibu. Dawa ya wadudu au ya magugu ina nguo zake, na haziendi nyumbani kwa mtu.

Gambuti, na suruali inakaa nje ya gambuti, siyo ndani. Ukiichomeka, kila tone linalotiririka pajani linaingia kwenye buti na mguu unakaa umelowa dawa saa nzima. Glavu za mpira ndefu. Ukiwa unapuliza chini, mkono wa shati uje juu ya glavu. Bomba la mgongoni huvuja, hata lile jipya, na mgongo ndio unaolowa bila mtu kujua, kwa hiyo tunavaa aproni ya plastiki mgongoni. Miwani, na barakoa inayotajwa kwenye kibandiko cha dawa. Kitambaa cha pua hakizuii dawa.

Ukimaliza, nguo zinafuliwa siku hiyohiyo, peke yake, kwenye beseni ambalo halitumiki kwa kitu kingine, na anayefua anavaa glavu. Zamani vijana walikuwa wanazipeleka nyumbani, mke anazifua pamoja na nepi za mtoto. Sasa tunazifulia ofisini, na maji yake hayamwagwi kwenye mfereji wala karibu na kisima.

Madoa ya nyasi hayatoki. Tufanyeje?

Usisubiri wikiendi. Loweka jioni ileile kwenye maji baridi na sabuni ya unga. Maji ya moto yanalifunga doa. Doa sugu lipanguse kwa spiriti kidogo, kisha fikicha kwa sabuni ya mche. Jiki iache, itatoa doa pamoja na rangi ya fulana. Nguo iliyomwagikiwa petroli ianikwe nje mpaka harufu iishe, ndipo ifuliwe, na isisogee karibu na jiko wala pasi.

Utomvu wa mgomba hautoki. Siku ya kukata migomba vaeni aproni chakavu.

Vijana wanakuja kwa daladala. Waje wamevaa sare?

Fulana, ndiyo. Buti zenye matope na suruali yenye nyasi, hapana; konda atawakatalia, na abiria wa pembeni hana kosa. Sisi tunabeba buti na suruali kwenye kirikuu pamoja na mashine, kila mtu na mfuko wake wenye jina. Kazi ikiisha wananawa, wanabadilisha, wanaondoka wasafi. Mwombe mteja bomba la nje na kona yenye pazia. Tangu tulipoanza kuomba, hakuna aliyetunyima.

Zaidi ya nguo, mteja anaangalia nini?

Anaangalia kama umepiga hodi. Kama umemwamkia mzee aliyekaa barazani kabla hujawasha mashine, na kama umeizima mtu anapopita na mtoto. Kuvua shati katikati ya bustani ya mtu, hata jua likiwaka namna gani, kwetu ni kosa la kuonywa. Sigara ni nje ya geti. Simu ni mapumzikoni. Spika ya muziki ibaki nyumbani.

Kuna jambo la harufu, na wasimamizi wengi wanaliogopa. Sema faraghani, mtu mmoja kwa mmoja, wala usiseme mbele ya wenzake. Na kabla hujasema, jiulize anakotoka kuna maji. Wiki za mgao, mtu anaweza kukosa maji siku tatu. Sisi tuna ndoo na bafu ofisini, na anayetaka anawahi nusu saa.

Sisi tuko Arusha, wengine Nairobi. Haya yanatuhusu?

Mengi, ndiyo. Kwenu asubuhi ni baridi, ongezeni sweta au jaketi la rangi ya sare, la sivyo kila mtu atavaa koti lake na sare itapotea chini yake. Udongo mwekundu unapaka kila kitu, kwa hiyo suruali iwe kahawia iliyoiva. Nyasi zenu za Kikuyu ni nene na zenye maji kuliko ukoka na nyasi za Pemba tunazokata huku, na suruali zitalowa hadi magotini kabla umande haujakauka. Ovaroli inawafaa kuliko sisi wa pwani. Kenya, sheria ya kuangalia ni ya mwaka 2007 ya usalama na afya kazini, nayo inamtaka mwajiri atoe nguo za kinga. Nguo zinazofanana na za jeshi ni marufuku huko pia.

Kijana akiacha kazi, sare abaki nayo?

Fulana zenye nembo na kitambulisho arudishe, zote, na uzihesabu kwenye daftari aliloweka sahihi siku alipopewa. Si kwa kumshuku yeye. Fulana inaweza kuibiwa kambani au kuuzwa, na mtu mwingine akafunguliwa geti kwa jina lako. Zile zilizochakaa tunakata kipande cha nembo kwa mkasi kabla ya kuzifanya matambara ya kufutia mashine.

Buti abaki nazo. Zimeshachukua umbo la mguu wake.